Mguu haufiki chini: utatuzi wa matatizo ya kusimama kwa dereva mfupi wa skuta

Skuta haimwangushi dereva mfupi ikiwa mwendoni. Humwangusha kwenye makutano, mbele ya tuta, kwenye foleni ya kivuko, getini kwake: pale magurudumu yanapokaribia kutulia na mguu kuanza kuitafuta ardhi. Ndiyo maana mtu huweza kutoka Bububu hadi Darajani kwa raha zake, kisha akiona foleni imesimama mbele yake moyo unaanza kumwenda mbio.

Lawama yote huenda kwenye urefu wa mguu. Mguu una sehemu yake, na tutaupima kwa sentimita. Lakini ukichunguza namna skuta zinavyolala chini, mara nyingi utakuta mguu ungefika. Kilichoharibika ni mita mbili za mwisho kabla ya kusimama. Breki iliyobanwa siyo, usukani ulikuwa umepinda, mguu ulitangulia, au mahali palichaguliwa vibaya. Kusimama salama kunahitaji mguu mmoja tu, tena nusu ya mbele ya wayo. Anayeona hawezi kuendesha mpaka nyayo zote mbili zilale chini bapa anajinyima skuta bure.

Tafuta dalili yako hapa chini. Ila anza na kipimo, maana bila kipimo utamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

Kipimo: mguu wako na siti yako

Vua viatu, egemeza mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya miguu ukipandishe mpaka kiguse juu kabisa kama unavyokaliwa na siti. Weka alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, kisha pima kutoka sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wa ndani. Urefu wa mwili mzima hausemi kitu: watu wawili wa sentimita 152 wanaweza kutofautiana mguu kwa sentimita 4 au zaidi.

Siti za skuta ndogo, kama Honda Activa na Dio, ziko karibu sentimita 76 kutoka chini. Yamaha NMAX ni 76.5. Vespa GTS ni 79. Ukiikalia, springi zinashuka sentimita 2 hadi 3, na soli ya kiatu inakuongezea 2 au 3. Kwa hiyo mwenye mguu wa sentimita 68 kwenye siti ya 76 hayuko mbali kama namba zinavyotisha. Akichuchumia kidogo amefika.

Namba ya urefu lakini inadanganya kwa upande mwingine, nao ni upana. Siti pana huyapeleka mapaja nje kabla hayajashuka chini, na sehemu ya kuwekea miguu ikiwa pana nayo inausukuma mguu nje zaidi. NMAX na Activa zinakaribiana kwa urefu, lakini miguu mifupi huzihisi tofauti kabisa. Kwa hiyo usinunue skuta kwa kusoma karatasi. Ikalie, ukiwa na viatu utakavyoendeshea, skuta ikiwa imeshushwa kutoka kwenye stendi na mtu ameishika kwa nyuma. Sogea mpaka ncha ya mbele ya siti. Kisha angalia uko wapi kati ya hali hizi tatu.

Ukifikisha nusu ya mbele ya nyayo zote mbili, usibadilishe kitu. Shida yako ni mbinu na itakwisha kwa mazoezi. Ukifikisha nusu ya wayo mmoja baada ya kusogeza nyonga upande huo, bado unatosha, na watu wengi wanaoendesha kila siku wako hapo. Ukibaki na ncha za vidole tu hata baada ya kusogea, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kushusha siti hapa chini, au chagua skuta nyingine.

Dalili: inakwenda vizuri, halafu inalala ghafla ikikaribia kusimama

Hii ndiyo ajali kuu ya dereva mfupi. Hutokea ukiingia uchochoroni, ukikata kona kuingia getini, au ukisimama huku umepinda ili kumpisha mtu. Chanzo ni breki ya mbele ikiwa usukani haujanyooka. Skuta inayokata kona imeinama upande wa ndani, na mwendo ndio unaoizuia isianguke. Ukiminya breki ya mbele unaondoa mwendo wote kwa mkupuo mmoja, mwinamo unabaki, na skuta inamalizia safari yake chini. Dereva mrefu naye hufanya kosa hilohilo. Tofauti ni kwamba mguu wake unaiwahi.

Kwenye skuta za otomatiki mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto ni ya nyuma. Skuta nyingi mpya za cc 110 na 125 zina breki za kuunganishwa: ukiminya kushoto, na ya mbele inashika kidogo. Hilo halidhuru, mradi usukani uwe umenyooka. Utaratibu ni huu:

1. Mita 10 hivi kabla, amua utasimama wapi. Tazama ardhi ya mahali hapo mara moja, kisha inua macho.
2. Achia mafuta, minya breki zote mbili polepole.
3. Mwendo ukishafika wa mtu anayetembea, achia ya mbele taratibu. Baki na ya nyuma peke yake, kwa vidole viwili.
4. Nyoosha usukani. Kama haujanyooka, usisimame bado. Songa nusu mita nyingine mpaka unyooke.
5. Sogeza nyonga upande wa mguu utakaoshuka, paja likae ukingoni mwa siti. Hapo mguu unapata sentimita 3 hadi 5.
6. Gurudumu likitulia, shusha mguu. Kisha minya breki zote mbili ushike.

Hatua ya 5 ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Angalia kwa karibu: ukikaa katikati ya siti, siti inayagawa mapaja na kila mguu unabaki unaning'inia. Ukihamia kulia kwa upana wa vidole vinne, paja la kulia linashuka wima, goti linalegea, na wayo unatua ukiwa umekunjuka badala ya kutua kwa kidole gumba. Mguu wa kushoto unabaki juu ya skuta na hauna kazi. Ukiuhitaji nao, umesimama vibaya.

Macho nayo yana kazi. Ukiutazama mguu wako ukishuka, kichwa kinainama, bega linafuata, na skuta inaelemea hukohuko. Tazama nyuma ya gari lililo mbele yako, au jengo la mbali.

Kwa wenye Vespa za gia kama PX, mambo yanabadilika. Breki ya nyuma iko kwenye kanyagio la mguu wa kulia, na mkono wa kushoto una klachi na gia. Mguu wa kulia haupaswi kutoka kwenye kanyagio hilo, kwa hiyo utasimama kwa mguu wa kushoto kila mara. Jizoeze upande huo peke yake, na soma vizuri sehemu ya barabara inayofuata, kwa sababu upande huo ndio mgumu kwetu.

Dalili: mguu umeshuka lakini ardhi haipo ulipoitarajia

Barabara ya lami ina mgongo. Katikati iko juu, pembeni iko chini, ili maji ya mvua yatiririke. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikaa karibu na ukingo, ardhi ya upande wako wa kushoto iko chini kuliko ya kulia. Wengi wamefundishwa kusimama kwa mguu wa kushoto na wanahangaika bila kujua kwamba wanautafuta upande wenye shimo. Kwenye skuta ya otomatiki miguu yote miwili iko huru: shusha wa kulia. Mwenye Vespa ya gia asimame karibu zaidi na katikati ya njia yake, mbali na ukingo, ambako mteremko ni mdogo. Kwa walioko Bujumbura, Kigali, Bukavu au Muscat, ambako magari hukaa kulia, upande wa juu ni wa kushoto.

Kanuni hiyohiyo inatumika kwenye kila ardhi isiyo sawa: mguu ushuke upande ulioinuka. Ukiwa na shaka, sogea. Nusu mita mbele au nyuma inaweza kukuokolea sentimita 4.

Tuta ni mtego wa peke yake. Ukisimama gurudumu la mbele likiwa juu ya tuta, au skuta ikiwa imelipanda tuta katikati, mguu wako uko bondeni na siti iko juu. Simama mita moja kabla ya tuta, au livuke lote ndipo usimame. Usisimame kabisa kwenye mifereji ya maji inayokatiza barabara, wala kwenye ukingo wa lami uliomong'onyoka.

Halafu utelezi. Mchanga uliomwagika kwenye lami, changarawe za moramu kwenye makutano ya barabara ya vumbi, rangi nyeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu wakati wa mvua, na dizeli iliyodondoka kwenye vituo vya daladala. Dereva mfupi anasimama kwa nusu ya wayo, hivyo eneo linaloshika ni dogo na utelezi unamwathiri zaidi. Kwenye foleni, katikati ya njia ndipo mafuta ya magari hudondokea. Alama ya tairi la kushoto au la kulia la gari lililotangulia huwa safi zaidi.

Dalili: miguu yote miwili inaning'inia, skuta inayumba

Utamjua dereva wa namna hii kutoka mbali: bado mita 15 asimame, na tayari miguu iko nje kama makasia. Anahisi usalama, lakini anaupoteza. Miguu ikiwa nje, uzito wote unakaa juu kwenye siti na magoti hayaishiki tena skuta, kwa hiyo kila mtikisiko wa usukani unakuwa mkubwa. Wayo ukigusa chini skuta ikiwa bado inakwenda, ardhi inauvuta nyuma na kifundo kinagongwa na ukingo wa sehemu ya miguu, au kisigino kinaingia chini ya stendi kubwa.

Dawa ni kuendesha polepole miguu ikiwa juu. Minya breki ya nyuma kidogo sana na uvute mafuta kidogo kwa wakati mmoja. Injini inavuta, breki inazuia, na skuta inanyooka kama imeshikwa na kamba. Sekunde tano au kumi zinatosha. Usifanye hivyo dakika nzima kwenye foleni, kwani klachi inapata moto na utasikia harufu ya kuungua. Ukiweza kutembea mwendo wa mtu mzee kwa mita 10 bila kushusha mguu, hofu ya kusimama inapungua sana, kwa sababu skuta inakuwa imekwisha tulia kabla mguu haujahitajika.

Dalili: mguu umefika, ila nguvu ya kuizuia sina

Hapa ni hesabu, si nguvu za mikono. Chukua skuta ya kilo 105, kitovu cha uzito wake kikiwa nusu ya kimo kati ya ardhi na usukani. Ikiinama nyuzi 5, mkono ulioshika usukani unabeba kama kilo 5. Ikifika nyuzi 20, unabeba kilo 18 hivi. Nyuzi 30, kilo 26, na uzito wako mwenyewe bado hujauweka. Kwa hiyo kazi yote ni kuizuia isitoke kwenye nyuzi chache za mwanzo. Mguu uliopinda goti kidogo na kukaa sentimita 20 hivi kutoka ubavuni mwa skuta unaweza kusukuma juu. Mguu ulionyooka kama mti umeshamaliza nguvu zake zote kwa kufika tu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kusogeza nyonga.

Ikishapita mahali pa kuokolewa, iachie. Toka upande, usiweke mguu chini yake. Bodi ya plastiki inanunulika.

Ukiona tatizo limeanza ghafla baada ya miezi ya kuendesha vizuri, angalia mizigo. Boksi la nyuma likijazwa linapandisha uzito juu na nyuma ya gurudumu. Kitu kizito kiwekwe chini ya siti au kwenye sehemu ya miguu, ila kisizuie miguu: mtungi wa gesi katikati ya nyayo unakulazimisha uendeshe miguu nje, na tumeshaona hilo linaishia wapi.

Dalili: umesimama, lakini skuta inajisukuma mbele

Tatizo hili ni la fundi, na madereva wengi hujilaumu wenyewe. Klachi ya skuta hushika injini inapozunguka haraka. Injini ikiwa tuli haipaswi kuivuta skuta. Ikiivuta, unalazimika kubana breki muda wote, na ukilegeza tu ili usogeze mguu inaruka.

Isimamishe kwenye stendi kubwa, iwashe, iache ipate moto dakika tano. Gurudumu la nyuma kuzunguka polepole ni kawaida. Minya breki ya nyuma kidogo na litasimama. Likizunguka kwa kasi, au injini ikilemewa unapobana breki, kuna kitu. Anza na rahisi: skrubu ya kurekebisha mzunguko wa injini tuli imepandishwa mno. Mafundi huipandisha ili skuta isizime asubuhi. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha skuta. Ikiwa mzunguko uko sawa na bado inavuta, springi ndogo za klachi zimelegea au moja imekatika. Ni kazi ya kufungua ubavu wa kushoto, na fundi aangalie na mkanda papo hapo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, huzunguka haraka zaidi, kwa hiyo subiri dakika moja au mbili kabla ya kutoka getini.

Skuta ikitangatanga kushoto na kulia chini ya kilomita 10 kwa saa, pima upepo wa matairi kwanza. Kisha inua gurudumu la mbele, sukuma usukani kwa kidole kimoja: unapaswa kuangukia pande zote bila kukwama katikati. Ukikwama, beringi za shingo zimekwisha au zimekazwa kupita kiasi.

Na mikono midogo: ukilazimika kunyoosha vidole mpaka mwisho ili kuufikia mkono wa breki, utaminya kwa mkupuo badala ya kupapasa. Kwenye breki ya ngoma, nati ya kurekebishia iko kwenye gurudumu. Ikaze kidogo kidogo mpaka mkono ushike mapema, lakini uache ucheze sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha, na gurudumu lizunguke bila kusuguliwa.

Kilimani na kwenye kivuko

Skuta ya otomatiki haina gia ya kuizuia isirudi nyuma. Kinachoishikilia ni breki tu. Ukisimama ukipanda, breki ya nyuma ibaki mkononi mwa kushoto muda wote, na mkono wa kulia uwe huru kwa mafuta. Kuondoka: vuta mafuta kidogo mpaka uhisi skuta inataka kwenda, achia breki taratibu, na mguu upande juu baada ya skuta kuanza kusogea, si kabla. Baadhi ya Honda zina kibanio kidogo kwenye mkono wa kushoto cha kuifunga breki. Kwenye foleni ndefu ya mlimani kinakupumzisha vidole.

Ukishuka mteremko mkali, breki ya nyuma peke yake inaweza isitoshe. Tumia zote mbili, usukani umenyooka kabisa, na anza kupunguza mwendo mapema.

Likoni na Kigamboni wanajua ugumu wa kivuko: mteremko, watu kila upande, kisha bamba la chuma lililoloa. Usisogee mita moja moja. Simama juu, mahali pakavu, uache nafasi ya mita 3 au 4 ifunguke mbele, ndipo uende kwa mkupuo mmoja mpaka ndani. Usisimame juu ya bamba. Chuma kilicholoa chini ya nusu ya wayo hakishiki, na ungio la bamba na gati huwa na ngazi. Kama umati ni mkubwa mno, shuka uisukume. Wafanyakazi wa kivuko wanapendelea hivyo kuliko skuta iliyolala mlangoni.

Abiria na nguo

Usimpandishe abiria mpaka umesimama imara, breki zote mbili zimebanwa, na mguu wako uko chini upande anaopandia. Akikanyaga kile kikanyagio cha abiria kama ngazi, uzito wake wote unavuta upande mmoja. Kwa dereva mfupi ni bora abiria apandie kutoka kwenye baraza au ukingo wa barabara ulioinuka, aingie bila kukanyaga chochote. Anayekaa upande, miguu yote kushoto, atashuka kushoto pia: mguu wako wa kushoto uwe chini kabla hajasogea, na akuambie kwanza. Mkisimama barabarani asishushe mguu kukusaidia wala asichungulie begani kwako.

Baibui na dera vina kosa lao, na ni rahisi kulirekebisha. Pindo linashuka pamoja na mguu, kiatu kinalikanyaga, na unapotaka kuinua mguu ili uondoke kisigino kimelishika kitambaa. Mguu haupandi, nyonga inavutwa, skuta inaelemea. Upande wa kushoto pindo hujifunga pia kwenye mkono wa kupigia kiki na kwenye stendi. Kunja sehemu ya mbele katikati ya magoti, sehemu ya nyuma uikalie yote, pindo lisivuke kifundo, na ndani vaa suruali ili usihangaike na kitambaa wakati unapaswa kuangalia barabara.

Kushusha siti, kama kipimo kimesema ni lazima

Fuata mpangilio huu, na simama palipotosha.

Kwanza viatu. Soli ya sentimita 3 ya mpira unaoshika, kiatu kilichofungwa hadi kifundo. Ndani ya kandambili na yeboyebo mguu wenyewe huteleza. Viatu vya soli ndefu mno vinakupa urefu lakini kifundo kinapinda, kwa hiyo usizidishe sentimita 4.

Pili, springi ya shokapu ya nyuma. Skuta nyingi zina kola yenye ngazi chini ya springi, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Ishushe hadi ngazi laini kabisa. Utapata takriban sentimita moja. Ukibeba abiria irudishe, la sivyo itagonga kwenye kila tuta.

Tatu, siti yenyewe. Mpelekee fundi wa kushona siti skuta nzima, siyo siti peke yake. Ikalie palepale, weka alama za chaki mahali mapaja yanapopita. Mwambie apunguze mabega ya sehemu ya mbele, sentimita 2 kila upande, kabla ya kugusa kimo. Kupunguza upana huleta nafuu kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na siti inabaki laini. Kama bado, akate kimo sentimita 2 sehemu ya dereva tu, mbele zaidi kuliko nyuma, na abakishe sponji isiyopungua sentimita 4 juu ya plastiki. Akikata zaidi utakalia plastiki na mgongo utauma kabla hujafika kazini. Asiguse mpira wa chini wala kitasa, na aweke nailoni chini ya kava mpya, kwani sponji iliyokatwa hunywa maji.

Nne, shokapu fupi. Hapa tunasita. Ukishusha nyuma kwa sentimita 2 au 3, stendi zote mbili zinakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa: stendi kubwa inakuwa ngumu kupandisha, na kwenye stendi ya pembeni skuta inasimama wima mno, ikiguswa inaangukia upande wa pili. Chini ya skuta kutagonga matuta, na usukani unabadilika tabia. Ukilazimika, fundi afupishe na stendi siku hiyohiyo.

Kurudi nyuma na kuegesha

Usijaribu kurudisha skuta nyuma ukiwa umeikalia kwa ncha za vidole. Shuka upande wa kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani karibu na breki, wa kulia kwenye chuma cha nyuma ya siti, nyonga yako ikigusa siti, na skuta ielemee kwako kidogo. Egesha ikiwa imetazama mahali utakapotokea, na usiiingize kichwa chini kwenye mteremko unaoelekea ukutani.

Stendi kubwa haihitaji misuli. Shika usukani kushoto, chuma cha nyuma kulia, shusha stendi mpaka ncha zake zote mbili ziguse chini, kisha panda juu ya kanyagio lake kwa uzito wako wote. Skuta inapanda yenyewe. Anayeinua kwa mikono ataumia kiuno.

Mazoezi

Tafuta uwanja wa lami au zege usio na watu, asubuhi. Weka chupa mbili za maji, mita 20 kati yake. Siku ya kwanza simama mara 20 kwa mguu wa kulia kwenye chupa ya pili, gurudumu la mbele likiwa sawa na chupa. Siku ya pili, mara 20 kwa kushoto. Siku ya tatu nenda kwenye barabara tulivu yenye mgongo, ujaribu pande zote mbili ili mguu wenyewe ujifunze tofauti ya ardhi. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Mguu ukichoka unaanza kushuka mapema na utajifunza kosa.

Ukishabadilisha chochote, kiatu, springi au siti, rudi kwenye chupa zako usimame mara 10 kabla ya kuingia barabarani. Mwili umezoea kimo cha zamani, na mguu utaitafuta ardhi palepale ilipokuwa jana.